Taa Iliyomzuia Kemuma

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, saa moja na nusu jioni, pale mheshimiwa wa wadi alipobonyeza swichi.

Taa ikawaka. Soko lote la Riamokua, lile soko dogo la vibanda vichache kwenye njia ya kwenda Birongo, likawa jeupe kama yai lililomenywa. Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akasema kuanzia leo wezi watafute kazi nyingine, akapanda gari lake, akaenda kulala kwake Kisii mjini, kule ambako mzee Okemwa, jirani wa soko, anaamini kuna mapazia mazito.

Nyumba ya Okemwa iko juu kidogo ya soko, imetazamana na ule mlingoti uso kwa uso. Usiku ule mwanga uliingia dirishani, ukapita kwa matundu ya mabati, ukaja kukaa kitandani kama mgeni ambaye hakuna aliyemwita. Okemwa akageukia ukuta. Ukuta nao ulikuwa umewaka. Akajifunika blanketi, akaona vidole vyake vizuri kabisa ndani ya blanketi.

Wezi hawakutafuta kazi nyingine. Walichofanya ni kuja na macho yaliyotulia, wakachagua mkungu wa ndizi ulioiva na kuuacha ulio mbichi, kwa sababu sasa serikali iliwamulikia. Lakini hilo Okemwa angeweza kulivumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni kwamba Kemuma aliacha kuja.

Kemuma alikuwa mke wake, na alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya taa. Tangu azikwe pale chini ya migomba alikuwa akimjia usingizini. Si kila usiku, lakini alikuja. Alikuja kumuuliza kama amefunga kuku. Alikuja kumwambia kwamba shati hilo si la kuvaliwa na binadamu. Mara moja alikuja akakaa tu, akachambua mboga za chinsaga mpaka jogoo akawika, hakusema neno, na Okemwa akaamka akiwa ameshiba.

Baada ya taa, kimya.

Na uchungu wenyewe ulikuwa hapa. Kemuma alifia hospitalini usiku stima ilipopotea na jenereta ikawa haina mafuta. Daktari alimtafuta mshipa kwa tochi ya simu. Siku hiyo wakubwa hawakuwa na taa. Sasa mtu amekufa, ndipo taa imepatikana, na imeletwa kumulika mbwa wawili na kibanda cha kinyozi.

Kwa hivyo kwenye baraza, naibu wa chifu, Obwocha, alipouliza kama kuna mwenye neno, Okemwa alisimama na kofia yake mkononi.

"Hii taa yenu inanizuia kuota."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika miti.

"Mogaka," Obwocha akasema, naye anajikaza asicheke, "mzee wetu, unataka serikali ikuletee ndoto na lori?"

"Sitaki iniletee. Nataka irudishe ile iliyochukua. Naapa mbele ya hawa watu wote, tangu hiyo taa iwake sijaota hata ndoto moja. Hata ya panya!"

"Tumesikia. Tutapeleka kwa wakubwa."

Okemwa alijua mahali maneno hupelekwa kwa wakubwa. Ni pale pale alipopeleka habari ya daraja la mto, lile lililomwangusha na kikapu cha majani chai mgongoni, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haupandi kupita sikio. Alikaa chini. Hakujua kwamba kile kiapo chake kingemrudia.

Kilimrudia siku ile mke wa mwanawe alipojifungua.

Lavender, mke wa Mose, alijifungua msichana. Mose anafanya kazi ya mjengo Kisii mjini na hurudi nyumbani kwa Sabato ya Jumamosi, kwa hivyo Lavender alibaki bomani na mkwe wake na mtoto, kila mmoja katika nyumba yake, wakikutana uani kwa heshima ile ya mkwe na mkamwana: huingii chumba chake, haingii chumba chako, na maneno ya kitandani hayasemwi. Mtoto alilia. Alilia mchana, akalia usiku, akalia kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Ni hii taa, tata," Lavender alimwambia baba mkwe wake asubuhi moja, macho mekundu. "Mtoto anadhani ni mchana. Kule kwetu Nyamarambe mtu angeshaipiga jiwe. Mimi nimekua nikilinda shamba la wimbi kwa kombeo, ndege hakuwa ananitania."

"Usiseme hivyo, watakushika. Hawajui kushika wezi, lakini wewe watakushika."

Lakini Nyanchoka, dada mkubwa wa Okemwa, alikuwa na maoni mengine. Alivuka mto, akamtazama mtoto, akatingisha kichwa.

"Huyu analilia jina. Kuna mtu anataka kurudi, na nyinyi mmekaa. Mama amenijia usingizini. Mama yetu, Bosibori. Amesema huyu mtoto ni wake."

Okemwa hakulitaka jina hilo. Kila siku alikuwa amehesabu moyoni kwamba msichana wa kwanza wa Mose ataitwa Kemuma. Nani mwingine? Ni nyanya yake, aliyembeba Mose mgongoni! Bosibori alikuwa na wajukuu wanne wenye jina lake. Mtu angeita "Bosibori" mlimani, nusu ya mlima ingeitika. Kemuma hakuwa na hata mmoja, na jina lisipobebwa mapema hupoa, na likipoa hakuna anayekumbuka kuliokota.

"Amekujia na dalili gani?" akauliza, kwa sababu marehemu anayedai mtoto haji mikono mitupu. Huacha kitu cha kuaminiwa.

"Aliniambia kuku wako mwekundu anataga kwenye kikapu kikuukuu nyuma ya ghala."

Wakaenda. Mayai yalikuwa pale. Okemwa aliyatazama kwa chuki, akajiuliza ni lini hasa dada yake alipita nyuma ya ghala.

"Hata mimi Kemuma amenijia," akasema ghafla. "Jana."

"Jana!" Nyanchoka akapiga makofi. "Wewe si uliapa kwa baraza kwamba huoti? Hata ya panya? Riamokua nzima ilikusikia. Ama leo ndiyo taa imekuonea huruma?"

Okemwa akamfukuza kuku mwekundu kwa kofia.

"Jumapili Mose akiwa hapa tunampa mtoto jina," Nyanchoka akasema, akiingiza mayai kwenye leso yake. "Kama bibi yako anataka, aje kabla. Na aje na kitu."

Ndipo Okemwa alipokwenda kwa Achola. Achola alikuwa mwanamke wa upande wa ziwa, aliuza samaki hapo Riamokua, na alikuwa na simu inayojua kila kitu na mdomo wa kusaidiana nayo.

"Nyar nam, binti wa ziwa," Okemwa akasema, akijifanya anachagua samaki, "mtu akitaka kuota sana, anafanya nini?"

Achola hakucheka. Kwa hilo Okemwa anamheshimu mpaka leo. Alifuta magamba mikononi, akakaza macho.

"Unataka ndoto ya kawaida ama ndoto kali?"

"Kali. Ya mtu kuja na kuongea."

"Basi usile ugali peke yake ulale kama gunia. Usiku kula kichwa cha samaki, na ndizi mbivu juu yake, na maziwa lala. Tumbo likisumbuka kidogo, ndoto zinapata mahali pa kushika. Halafu jogoo wa kwanza akiwika, amka, kunywa chai, rudi ulale. Ule usingizi wa pili ndio wenye sinema."

"Na nikiota, nikiamka si ninasahau?"

"Unasahau kwa sababu unashuka kitandani kama mtu ameitwa na polisi. Usiinue hata mguu. Kaa hivyo hivyo na umwambie mtu ndoto yote kabla nyayo hazijagusa chini. Zikigusa chini, ndoto inamwagika." Akamfunga samaki kwenye gazeti. "Na jambo kubwa, jaduong', mzee wangu. Mchana, kila mara, tazama mikono yako ujiulize: naota ama siyo? Bana pua. Ukiweza kupumua ukiwa umebana pua, hiyo ni ndoto, na ndani ya ndoto wewe ndiwe chifu. Unaita mtu yeyote, anakuja."

Aliposikia hilo neno la chifu, ndipo Okemwa akanunua vichwa viwili vya samaki.

Wiki hiyo watu wa Riamokua waliona mambo. Waliona Okemwa amesimama katikati ya shamba lake la chai, anatazama viganja kama mtu anayesoma. Waliona amebana pua njiani bila harufu yoyote. Kanisani, siku ya Sabato, alitazama mikono yake wakati wote wa mahubiri na akatikisa kichwa kwa masikitiko, mpaka mzee wa kanisa, Alfayo, akamjia mlangoni na machozi machoni.

"Ndugu Okemwa, nimeona jinsi ulivyoitazama mikono yako. Bwana amekugusa. Hiyo mikono imefanya nini?"

"Bado haijafanya," Okemwa akasema.

Na kwenye mazishi ya jirani, mheshimiwa alipochukua kipaza sauti na kuahidi kwamba daraja la mto litakuwa tayari kabla ya mvua, Okemwa akainua viganja vyake, akabana pua, akauliza kwa sauti kubwa: "Jamani, naota ama niko macho?" Waombolezaji walicheka hata jeneza likangoja.

Dawa za Achola zilifanya kazi. Hapo hakuna ubishi. Zilifanya kazi kupita kiasi, ila zilimletea mtu mwingine.

Asubuhi ya kwanza Okemwa aliota mheshimiwa amekuwa kuku, ameatamia balbu kwenye kikapu nyuma ya ghala, anaapa kwamba zitaanguliwa kabla ya uchaguzi. Asubuhi ya pili alikuwa kituo cha chai, amebeba mawingu kwenye kikapu, na karani akayaminya akasema, "Mawingu yako yana maji mengi, mzee, tunakata kilo." Alipogeuka kulalamika, karani alikuwa mheshimiwa. Asubuhi iliyofuata ng'ombe wake alizaa mheshimiwa, na mheshimiwa akasimama hapo hapo kwa miguu yake minne akawashukuru wote waliofika. Okemwa alimwita Kemuma kwa nguvu zote za chifu wa ndoto. Akaja mheshimiwa amevaa gauni la Kemuma la kanisani.

"Hata huko amefika!" Okemwa alimwambia Achola. "Nilikuwa na ndoto za mke wangu, sasa nina ndoto za kampeni!"

"Unalala ukiwa na hasira naye. Lala ukiwa na kitu cha bibi."

Kitu cha bibi. Nguo za Kemuma ziligawanywa baada ya mazishi kama inavyotakiwa. Kilichobaki ni leso moja yenye harufu ya moshi, na zile gambuti zake ndogo, viatu vya mpira vya kwenda shambani, ambazo zilikaa nyuma ya mlango wa jikoni tangu alipoziosha mwenyewe mara ya mwisho. Hakuna aliyezivaa. Lavender alipika humo jikoni kila siku na alizizunguka kama mtu anayezunguka moto. Okemwa hakuziweza hata angetaka, mguu wake ni kama mkate. Akachukua leso, akaiweka juu ya mto, na Jumamosi jioni akala kichwa cha samaki akimwomba mke wake msamaha kwa harufu.

Jumapili, jua likiwa bado chini, Lavender alikuwa uani akijaza maji kwenye karai aliposikia sauti kutoka dirishani kwa mkwe wake.

"Lavender! Usije! Simama hapo hapo! Sijashuka kitandani!"

Lavender akageuza mgongo haraka kwa heshima, karai mkononi.

"Tata, uko mgonjwa?"

"Niko mzima. Sikiliza, na usinikate, itamwagika. Mama amekuja!"

Akaeleza, macho yamefungwa, miguu ameinua hewani kwa usalama. Kemuma alipita kwenye migomba ameinama, amejikinga uso kwa mkono. Alikuwa amevaa... alikuwa amevaa vizuri tu. (Alikuwa amevaa shimizi, lakini hayo hayasemwi kwa mkamwana.) Alikuwa na hasira. "Kila nikifika langoni," alisema, "soko zima linaniona. Nitakujaje na mwanga huu? Nilipoutaka hamkuwa nao." Okemwa akaangalia juu ya mlingoti, na kumbe hapakuwa na taa, kulikuwa na kichwa cha mheshimiwa kinawaka, kinaahidi. Kemuma akaingia jikoni, akatoka na lile kombeo la mpira la kufukuzia ndege, akatia parachichi bichi ndani, akavuta.

"Tsaaa! Kile kichwa kikapasuka kama yai, na giza likatoka ndani yake, giza zuri, likamwagika mpaka hapa nyumbani. Halafu akaja akakaa karibu nami, akasema, 'Mtoto analilia jina langu na wewe umelala.' Nimesema yote? Nimesema yote. Sasa nashuka."

Lavender alikuwa bado amegeuza mgongo. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye karai.

"Hakusema kitu kingine, tata?"

"Aliuliza kama nimefunga kuku."

"Ulikuwa umefunga?"

"Sikufunga."

Ndipo kelele ikapanda kutoka sokoni. Ilikuwa sauti ya kinyozi, naye alikuwa akiita watu waje waone vipande vya kioo cha taa mbele ya kibanda chake. Okemwa akachungulia dirishani akiwa ameshika suruali. Juu ya mlingoti palikuwa na tundu jeusi, kama jino lililong'olewa.

Na hapo tu ndipo wote wawili walipogundua kwamba usiku mzima mtoto hakuwa amelia.

Kabla chai haijachemka, Obwocha alikuwa amesimama uani na nusu ya soko nyuma yake, Achola miongoni mwao. Mose alikuwa ametoka kwake, shati halijafungwa, na Nyanchoka alikuwa amefika kwa ajili ya jina, na sukari mkononi.

"Mali ya umma imevunjwa," Obwocha akasema. "Na mtu mmoja tu ndiye aliyeilalamikia hiyo mali mbele yangu. Mogaka, una habari?"

Kabla Okemwa hajajibu, Nyanchoka akamtazama kwa jicho la kando, lile la tangu utotoni.

"Ndugu yangu, Jumapili imefika. Umeota?"

Okemwa akaona mtego wote ulivyokaa. Akisema hakuota, mtoto ni Bosibori wa tano, na Kemuma abaki huko chini ya migomba bila mtu wa kumbeba. Akisema ameota, itabidi atoe ndoto yenyewe, na ndoto yenyewe ina kombeo ndani. Wangemfunga. Wangemfunga kwa furaha, kwa sababu wangekuwa wamemshika mtu hatimaye.

Akatazama mikono yake. Akabana pua. Hakuweza kupumua.

"Nimeota," akasema. "Taa imevunjwa na mke wangu, Kemuma. Nendeni mkamshike, yuko pale chini ya migomba."

Akawaeleza yote, mpaka parachichi. Aliruka shimizi tena. Mwisho wake hakuna mtu aliyecheka, isipokuwa Achola, aliyegeukia pembeni kuficha kicheko.

"Hayo umeyatunga sasa hivi baada ya kuona vioo," Obwocha akasema.

"Hapana, afande," Lavender akasema kwa sauti ndogo, mtoto begani. "Aliniambia kabla. Alikuwa bado kitandani. Kinyozi alipiga kelele tata akiwa amemaliza."

"Basi aliota kwa sababu alitoka akaivunja mwenyewe akarudi kulala! Inua mkono, mogaka."

Okemwa akauinua ule wa kulia. Ulifika kwenye sikio ukakwama. "Huo ndio mwisho wake," akasema. "Liulizeni daraja lenu." Akainua wa kushoto, na kila mtu alikumbuka jinsi huo wa kushoto ulivyowahi kurusha jiwe kwa mbwa ukapata choo cha kanisa.

Nyanchoka akaweka sukari chini. Alikuwa mwanamke mwenye hila, lakini hakuwa mwizi wa marehemu. Akamsogelea mtoto, akamfunua uso.

"Mayai ni mayai," akasema. "Lakini kuvunja taa ya serikali kutoka kaburini, hiyo ni dalili. Hata mama asingeweza. Kemuma, amka basi tukuone. Kemuma!"

Mtoto akapiga chafya, kana kwamba ameitika, akaendelea kulala. Mose akaanza kulia bila haya, na Okemwa akageukia migomba ili mtu asimwone usoni.

Ni Obwocha tu aliyekuwa bado na kazi. Wakubwa wangempigia simu kabla ya saa sita, na hakuona jinsi ya kuwaambia kuhusu marehemu na parachichi. Akaingia jikoni kutafuta kombeo. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, mahali pake pa siku zote. Alikuwa karibu kutoka alipotazama chini, nyuma ya mlango.

Akazitoa nje, moja kwa kila mkono. Gambuti za Kemuma. Zilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye kifundo, tope bado bichi, na jani la mgomba limenata kwenye soli.

Watu wakasogea karibu. Obwocha akaweka moja kando ya mguu wa Okemwa, akaona mwenyewe hakuna haja ya kujaribu. Nyanchoka akarudi nyuma hatua moja. Okemwa alitazama gambuti. Kisha, polepole, akamtazama mkamwana wake, na Lavender alikuwa anamfunga mtoto shali, anaifunga vizuri sana, anaifungua, anaifunga tena.

"Mtoto amelala," Lavender akasema bila kuinua macho. "Ongeeni polepole."

Kwa hivyo naibu wa chifu akainama, akazishusha zile gambuti chini taratibu, akauliza kwa kunong'ona:

"Haya, ni nani aliyezivaa?"